Kikivunjika Mkononi Mwako, Ni Kosa Lako?



Leo sitaanza na andiko, nitaanza na motopompa.

Wengi wenu mnaifahamu ile motopompa ndogo ya esansi ambayo familia nane za kanisa letu tulipewa na wafadhili, ili tumwagilie mboga katika vipande tulivyokodi upande wa Buterere. Katika msimu wa C, kuanzia Juni hadi Septemba, hapa tambarare ya Imbo mvua ni ya kutafuta. Nyanya na lengalenga zinaishi kwa maji unayozivutia wewe mwenyewe. Basi tuligawana zamu, kila familia na siku yake. Wiki ya sita mashini ikalia vibaya, ikatoa moshi, ikazima. Zamu ilikuwa ya mama mmoja mjane mwenye watoto wanne. Tukakaa kikao, na haikupita robo saa tukawa tumeamua: imeharibikia kwake, basi alipe yeye.

Kikao hicho niliongoza mimi.

Kwa nini tulihukumu upesi hivyo? Nadhani tulihukumu kama watu wa jembe. Kule Uvira na Fizi mpini ukilegea unauloweka majini usiku, mti unavimba, asubuhi unaendelea na kazi. Makali yakiisha kuna tupa. Jembe halina siri, ubovu wake unauona kwa macho. Mashini huficha. Ukiwasha pompa kabla ya kuijaza maji inazunguka kavu, na ule mpira wa ndani unaozuia maji yasivuje unaungua kwa muda mfupi tu. Lakini kuvuja kwenyewe kutaonekana siku nyingine, kwa mtu mwingine. Mchanga wa mtoni unakula vyuma vya ndani kidogo kidogo. Esansi ya magendo, ile tuliyonunua kwa chupa wakati vituo vilipokauka mwaka 2024 na 2025, mara nyingine ilikuwa na maji na uchafu. Na mafuta ya injini yakipungua, chuma kinasaga chuma bila mtu kujua. Siku mashini inapozima siyo lazima iwe siku ilipoharibika.

Hayo yote sikuyajua. Nilifundishwa Buyenzi, kwa fundi mmoja mzee, Mwislamu, aliyeifungua mashini mbele yangu juu ya gunia. Mafuta yaliyobaki yalikuwa machache sana, meusi kama lami. Mzee yule hakuuliza imeharibikia kwa nani. Aliniuliza, "Pasta, nani aliangalia mafuta mara ya mwisho?"

Nilinyamaza. Zamu yangu ilikuwa siku mbili kabla ya zamu ya yule mama, na mafuta sikuyaangalia. Kusema kweli sikujua kama kuna mahali pa kuyaangalia. Karatasi ya maelezo iliyokuja na mashini ilikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeisoma, na hatukumtafuta wa kutusomea.

Nilirudi nyumbani nikafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 19. Huko Musa anataja mtu aliyekwenda msituni na mwenzake kukata miti, chuma cha shoka kikachomoka kwenye mpini, kikamuua mwenzake. Mtu huyo anaruhusiwa kukimbilia mji wa makimbilio, aishi, kwa kuwa hakuwa na chuki moyoni. Nimehubiri habari za miji ile mara nyingi, maana sisi ni watu wa makimbilio. Sikuwahi kuona kwamba mkimbizi wa kwanza anayeelezwa pale alikimbia kwa sababu ya chombo kibovu. Sheria ilijua kwamba chuma kinaweza kuchomoka mkononi mwa mtu asiye na hatia. Na katika Kutoka 22, mnyama wa kuazima akifa mwenyewe hayupo, aliyeazima atalipa. Mwenyewe akiwepo, halipi. Basi nikajiuliza: motopompa ile mwenyewe alikuwa nani? Tulikuwa sisi sote nane. Tulikuwepo.

Jumapili baada ya ibada niliwaita tena wale wa familia nane, nikasema habari ya mafuta na zamu yangu. Palikuwa kimya. Kisha baba mmoja akasema kwamba juma lililotangulia aliisikia ikigonga ndani. Wa pili akasema hata yeye. Walinyamaza wakiomba isifie kwao.

Hapo ndipo kosa lilipo, ndugu zangu, nami sijui kama kuna neno laini la kuliita. Kutojua ni hali ya kila anayeanza; mtu hazaliwi anajua kupima mafuta. Lakini kusikia mlio na kumwachia jirani mashini ili imfie yeye, hiyo ni kumtegea mtu shimo.

Mzee mmoja wa kanisa alinipinga, na hoja yake siidharau. Alisema, "Pasta, tukisema ni kosa la wote litakuwa si kosa la mtu. Kesho mwingine ataitupa matopeni." Ni kweli, mali ya wote huchakaa haraka. Anayeiwasha kavu baada ya kufundishwa, alipe. Anayeisikia ikigonga akanyamaza, alipe pia. Lakini hukumu yetu ya robo saa haikumlinda mtu wala mashini. Iliwafundisha watu wazima kunyamaza, kwa sababu kila mmoja aliona atakayesema ndiye atakayebeba mzigo peke yake.

Tulichanga familia nane, vipuri vikapatikana, fundi akaitengeneza. Sasa kuna daftari ndani ya mfuko wa plastiki, limefungwa kwenye mpini wa mashini. Kabla ya kuwasha unapima mafuta na kuandika jina lako. Ukisikia mlio mgeni unauandika, na siku hiyo hakuna wa kukuuliza habari ya pesa. Nyanya zetu nyingi za msimu ule zilikauka wakati tukibishana.

Yule mama alikuwa amekwisha kuuza vitenge viwili na sufuria yake kubwa, akatoa sehemu ya malipo kabla sijakwenda Buyenzi. Pesa zake tulimrudishia, na mimi nilimwomba msamaha mbele ya watoto wake. Alinijibu, "Haina shida, Baba Mchungaji." Lakini zamu yake ikifika, mpaka leo, anampa jirani, yeye anachota maji kwa ndoo.