Mgeni Aliye Malangoni

Amri ya nne, katika Kutoka 20, haimpi pumziko mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwanawe na binti yake, mtumwa na mjakazi wake, mnyama wake, hata mgeni aliye ndani ya malango yake. Huku kwetu Macalder Wasabato tu wengi, na ubishi wetu na makanisa mengine huwa juu ya siku ya Sabato. Mimi nashikwa zaidi na hiyo orodha. Je, pumziko ambalo mwingine amelilipia kwa jasho lake, Mungu analihesabu kuwa pumziko?

Swali hili lilitushika Jumapili moja tulipokwenda kutembea kwenye ngome ya mawe ya kale ya Thimlich Ohinga: mwalimu, mchimba dhahabu, mama muuza omena na mimi fundi mwashi. Hatukuwa na haraka. Tulibeba chapati na maji, tukazunguka kuta mpaka jua likawa kali.

Fundi hutazama ukuta kwanza. Ule hauna saruji wala udongo wa kushikilia, na mawe hayakuchongwa. Kuna safu ya nje na safu ya ndani, katikati pameshindiliwa mawe madogo, kila jiwe likimbana mwenzake. Unene ni kama mita 1, na kimo kinafika mita 4 na zaidi mahali pengine. Nililiegemea jiwe moja kwa bega, halikucheza. Inadhaniwa ulianza kujengwa karne ya 16, na jamii zilizofuatana pale ziliutunza na kuukarabati. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia, na bado hakuna jina la mfalme la kuubandika.

Milango ni mifupi. Mchimbaji wetu, mtu mrefu, aliinama mpaka kiganja kikagusa ardhi. Ndani tukaonyeshwa palipokuwa zizi.

“Kumbe hata ng’ombe walilala ndani,” mama akasema.

Kwa kinyume, nikawasimulia habari za hamamu ya Kidichi, Unguja, nilikowahi kupelekwa. Sultani Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe, mjukuu wa Shah wa Uajemi, wapate pa kuoga na kupumzika wakiwa shamba. Kuba zake zinapendeza, na aliyechora maua na ndege kwenye plasta ile alikuwa fundi kuliko mimi, namheshimu. Lakini karafuu za kisiwa kile zililimwa na watumwa. Mfalme alipata mahali pa kupumzikia, na pumziko hilo lililipiwa kwa jasho lao.

Mwalimu alinipinga. “Hapa pia kuna mtu aliyebeba mawe,” alisema. “Kuna aliyekesha mlangoni. Na kila ukuta una mtu uliyemfungia nje.”

Kuhusu mlinzi nilimjibu: alikesha watoto wake wakiwa wamelala nyuma yake, na kesho akalala yeye, mwingine akakesha. Hiyo ni zamu. Mtumwa hana zamu. Kuhusu aliyefungiwa nje sikuwa na jibu, maana amri yenyewe inamleta mgeni ndani ya lango.

Hapo mchimbaji, aliyekuwa kimya muda mrefu, akaanza kusema ya kwetu. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, na tangu hapo sisi wenyewe tunachimba na kuosha mchanga uliobaki. Vijana wanatoka mbali, wanalala chini ya turubai karibu na mashine za kusaga mawe. Ijumaa jua likizama, Sabato ikianza, wenye mashine wanakwenda kuoga, asubuhi wako kanisani, na mashine zinanguruma. Anayezimwagia maji ni kijana wa watu, na kwa kuwa si muumini wetu tunajiambia haimhusu. Orodha ya amri inamhusu kwa jina: ni mgeni wetu.

Mama alituuliza nani atalisema hilo kanisani. Tumekubaliana nilipeleke mimi kwa wazee wa kanisa, na niombe mashine zizimwe Ijumaa jioni, na kijana alipwe ujira wa siku hiyo hata asipofanya kazi.