Kabla Hamjapandisha Mahindi Darini

Wanangu, mahindi yanakaribia kuvunwa, na hapa Kapsoya misumeno imeanza kulia. Kila mwenye shamba anatafuta pa kuweka magunia, stoo ni ndogo, basi anamwita kijana amtengenezee dari ya mbao juu ya chumba. Nawaomba mnisikilize kabla ya msumari wa kwanza.

Chukueni dari ya mita 3.6 kwa 3. Mwenyewe atasema, "Ni magunia 40 tu." Gunia ni kilo 90, kwa hiyo hayo ni kilo 3,600. Sakafu ya chumba cha kuishi hukadiriwa kubeba kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Pigeni hesabu: hata mkiijenga vizuri kama sakafu ya kulala, dari hiyo ni ya magunia 18.

Nilikuwa na umri wenu nilipomjengea jirani dari kama hiyo. Chumba kilikuwa kifupi, nikazilaza mbao za 6 kwa 2 ubapa ili kichwa kisigonge. Zilibeba. Nililipwa, tukanywa chai. Mwezi wa tatu, usiku, mama wa nyumba alisikia mlio kama kuni kavu ikivunjwa gotini, akawatoa watoto nje. Asubuhi nilikuta boriti ya katikati imechanika upande wa chini, penye jicho la mbao pana kama kikombe cha chai, vibanzi vimetapakaa juu ya godoro la watoto.

Mbao ile ile ingesimama wima, ingekuwa na nguvu mara tatu, na ugumu wa kutopinda mara tisa. Mbao moja, bei moja! Na jicho lile ningeligeuza juu, kwa sababu boriti ikibebeshwa mzigo, nyuzi za chini ndizo zinazovutwa, na jicho huzikata. Ndiyo maana pia hampaswi kuchonga pengo upande wa chini ili kupitisha bomba.

Jambo jingine ni muda. Mbao inaweza kubeba kwa saa moja mzigo itakaoshindwa nao kwa miezi, hasa saiprasi mbichi iliyoshushwa kwenye lori juzi ikiwa bado na maji. Inapinda kidogo kidogo, bila kelele.

Urefu nao una ukali wake. Ukirefusha boriti maradufu kwa mzigo ule ule, inapinda mara nane. Mafundi wa Lamu waliliheshimu hilo: vyumba vya nyumba zao za mawe ni vyembamba, karibu mita 3, kwa sababu hapo ndipo boriti ya mkoko ilipofika. Chumba kilifuata mti.

Basi fanyeni hivi. Vuteni uzi ubavuni mwa boriti, mwisho hadi mwisho, na katikati mpige alama ya kalamu penye uzi. Pandisheni magunia machache, msubiri hadi kesho yake. Kwa boriti ya mita 3.6, alama ikishuka chini ya uzi zaidi ya milimita 10, yashusheni siku hiyo hiyo hata mwenyewe akinuna, kisha msimamishe nguzo katikati, juu ya zege, si juu ya udongo. Na kabla hamjamaliza kupima, mwambieni mama ahamishe godoro.