Kutazama Kuuawa kwa Mtu

Amri ya tano yakataza kuua. Wakatekumeni huuliza kama yakataza pia kutazama katika simu picha za mtu anayeuawa. Maana mtazamaji hakushika kisu wala bunduki, na aliyekufa amekwisha kufa.

Mtakatifu Agustino alieleza habari za rafiki yake Alypius, aliyekwenda Roma kusoma sheria. Alypius alichukia michezo ya uwanjani, ambamo watu waliuana mbele ya umati. Siku moja rafiki zake walimvuta huko kwa nguvu. Akaketi, akafumba macho. Lakini mtu mmoja alipoanguka, umati ulipaza sauti, naye akafumbua macho ili aone tu. Tangu hapo hakuweza kuyaondoa. Akapiga kelele pamoja nao, na baadaye akawa yeye wa kuwavuta wengine. Mkono wake haukumwaga damu, bali moyo wake ulikwisha kukubali. (Aliponywa kwa neema, akabatizwa pamoja na Agustino mjini Milano mwaka 387.)

Uwanja huo sasa umo mfukoni. Tarehe 15 Machi 2019, mjini Christchurch, New Zealand, mtu mmoja alishambulia misikiti miwili. Waislamu 51 walikufa. Alijionyesha katika Facebook alipokuwa akiua, muda wa dakika 17. Kampuni ilieleza kwamba picha hizo zilitazamwa wakati ule ule mara zisizofika 200, wala hakuna mtazamaji aliyetoa habari kabla hazijakwisha. Katika saa 24 ilifuta nakala milioni 1.5, na kati ya hizo milioni 1.2 zilizuiwa zilipokuwa zikipandishwa. Muuaji alikuwa mmoja. Nakala zote hizo zilitoka mikononi mwa nani?

Hata hivyo si kila kuonyesha ni kubaya. Kanisa lenyewe hutundika sanamu ya Mtu aliyesulibiwa. Bikira Maria alisimama chini ya msalaba akatazama. Askari nao walitazama, huku wakipigia kura kanzu yake. Mwaka 1955, mjini Chicago, mama wa Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa kwa chuki ya rangi, aliliacha jeneza wazi, ili watu wauone ubaya uliotendwa.

Ndiyo sababu kazi ya kuchuja ni ngumu. Facebook haifuti kila picha ya kutisha. Nyingine huifunika kwa onyo, kwa kuwa yashuhudia uovu. Mashine yaweza kuitambua picha iliyokwisha kukataliwa, lakini nia ya mtumaji haiioni vema. Basi huajiriwa watu wa kuzitazama, siku baada ya siku, wala hao hawana ruhusa ya kufumba macho. Kijana kijijini anayetuma picha ya maiti ili kuchekesha wenzake, huenda anamwongezea mmoja wao mzigo, mbali na kumvunjia heshima marehemu na mama yake.

Mwaka 2020 Facebook ilikubali kuwalipa wafanyakazi hao wa Marekani dola milioni 52 kwa kuumizwa akili. Mjini Nairobi, zaidi ya 180, wenyeji wa nchi mbalimbali za Afrika, walikwenda mahakamani mwaka 2023 baada ya kuachishwa kazi. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kampuni hiyo yaweza kushtakiwa nchini Kenya.