Kuteremka na Free



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kilema. Baba mdogo ana pikipiki ya cc 125, ndogo, nyepesi, lakini vilima vya kwetu inavipanda vizuri tu. Asubuhi moja aliniazima nimpeleke binti yake sokoni Himo. Petroli ilikuwa kidogo, nikafanya kama wanavyofanya bodaboda wengi: barabara ilipoanza kushuka nikaweka free, nikazima injini. Kimya, upepo tu. Nikajiona niko huru kweli.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona nikakamata breki kwa nguvu, gurudumu likateleza, tukaishia mgombani. Mimi nilichubuka magoti. Mdogo wangu alivunjika mkono.

Jioni nilijua nitagombezwa. Baba mdogo aliniuliza tu, "Frateri, ulikuwa kwenye gia?" Nikanyamaza. "Gia ndogo ingewashika. Umeiachia, ukategemea breki peke yake."

Ni kweli. Ukiwa kwenye gia ndogo na umeachia mafuta, injini yenyewe inazuia gurudumu lisikimbie. Ukiweka free, mzigo wote unabaki kwa breki.

Nimesoma falsafa. Kwenye mtihani nilieleza vizuri tu Aristotle anavyofundisha kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea. Kumbe nilikuwa sijaelewa. Wengi wetu tunateremka na free: sala tunaruka, kitubio tunangoja Pasaka, halafu tunasema, "Kishawishi kikija nitasimama." Hiyo ni breki ya kwenye kona yenye tope. Sala ya kila asubuhi, kitubio, rafiki anayekuambia ukweli, hizo ndizo gia. Zinakupunguza mwendo, ndiyo maana tunaziona kero.

Mtakatifu Paulo anawakumbusha Wagalatia (Gal 5:13) kwamba tumeitiwa uhuru ili tutumikiane kwa upendo, si ili tuufuate mwili. Mimi nilikuwa nimempakia mtu. Na wewe, kijana mwenzangu, nyuma yako kuna nani? Mdogo wako anayekuiga? Mchumba? Mama?

Mdogo wangu alinisamehe kabla hata plasta haijatolewa. Petroli niliyookoa haikufika hata nusu lita.

Wiki hii chagua gia moja, uishike.

Ee Bwana, tushike tunapoteremka, pamoja na wale tuliowapakia. Amina.