Mahindi Hayakauki kwa Mazoea

Wanangu na wajukuu zangu, wiki iliyopita nilipita kwa kijana mmoja wa hapa kwetu Kondoa nikamkuta anashona magunia. Gunia moja lilikuwa bado wazi. Nikaingiza mkono mpaka kiwikoni. Mahindi ya juu yalikuwa sawa, lakini ya katikati yalikuwa na uvuguvugu, kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Nikamwambia, “Mjukuu wangu, fungua yote, yamwage tena kwenye turubai.” Akanijibu kwa adabu, “Babu, yameanikwa siku saba, kama mlivyotufundisha.”

Jibu hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu ni kweli. Sisi ndio tuliowafundisha kuhesabu siku. Wakati wetu mvua ikishakata imekata, na mahindi yalikaukia shambani kwenye bua kabla hata hatujayavuna. Leo jua la Februari linaunguza mahindi yakiwa yanachanua, kisha mvua inawakuta mmekwisha kuyatandaza uwanjani. Anga imeacha kufuata hesabu yetu, nanyi bado mnaifuata. Ule uvuguvugu ndani ya gunia ni pumzi ya kitu kilicho hai.

Kitu hicho ni kuvu. Mmesikia redioni neno sumukuvu, wengine mkadhani ni jambo la maofisa na semina. Mwaka 2016 watu walianza kuugua katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa, mgonjwa anatapika. Ukaitwa ugonjwa usiojulikana, na penye ugonjwa usiojulikana hapakosi mtu wa kunyooshewa kidole. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 68, wakafariki 20. Uchunguzi ulipofanyika, chanzo kilikuwa mahindi waliyokuwa wanakula. Sumu ilikuwa ndani ya ugali, katika sinia ambalo familia nzima hunawa mikono na kulizunguka.

Majirani zetu wa Kenya walipigwa kabla yetu, tena vibaya zaidi. Mwaka 2004, hasa upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mavuno yalikuwa yamenyeshewa, na wengi waliyahifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba walimolala. Nawaelewa. Mwenye njaa hawezi kuacha gunia lake nje usiku.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuvu hii haizaliwi ghalani. Inaishi shambani, kwenye udongo, pamoja na kuvu za aina nyingi zinazoozesha mabua na majani na kuurudishia udongo nguvu. Huko chini zinagombania nafasi na chakula kama watu wa mtaa mmoja. Mwaka wa mvua nzuri hakuna inayotawala peke yake. Ukame ukiingia, udongo ukawaka, kuvu nyingi hunyong’onyea, lakini hii ya sumu hustahimili. Joto la nyuzi 30 na zaidi haliiudhi, ndilo linaloistawisha. Vumbi lake hupeperuka na kutua kwenye ndevu za mahindi. Wakati huohuo mmea wenye kiu umedhoofika, punje zinapasuka, na wadudu wanatoboa matundu ya kuingilia. Kwa hiyo mahindi yanaweza kufika uwanjani kwako yakiwa na sumu tayari, kisha wewe kwa kuyafunga na unyevu ukaizidisha.

Msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Mwaka 2012 ukame mkali uliikumba Serbia, nchi ya Ulaya, na mahindi yake yakaingia sumukuvu kwa wingi. Mwaka uliofuata sumu ikaonekana katika maziwa, kwa sababu ng’ombe walilishwa mahindi yaleyale. Basi nanyi mnaosema “haya mabovu tutawapa ng’ombe” mjue yanarudi nyumbani ndani ya kikombe cha mtoto.

Upande wa pili wa jambo hili nimeuonea ukweni. Mke wangu ni wa Tabora, nchi ya miombo. Mvua za kwanza zikinyesha, wanawake wa kwao huingia msituni na vikapu kutafuta uyoga. Uyoga wa miombo si kama wa kichuguu, ambao mchwa huulima wenyewe. Nyuzi zake zimeshikamana na mizizi ya miti hai, kuvu inaupa mti maji na rutuba, mti unaipa kuvu sukari. Ukiukata mti kwa ajili ya mkaa au kukaushia tumbaku, nyuzi zile zinakufa njaa, na uyoga ule hauoti tena hapo hata mvua ije nzuri namna gani. Mke wangu alipokwenda kwao mara ya mwisho alirudi na kikapu kitupu. Alinionyesha tu kwa mkono mahali miti ilipokuwa. Kwa hiyo tunapoichoma misitu na kuipandisha joto nchi yetu, tunazifukuza kuvu zinazotulisha na kuzikaribisha zinazotuua. Hili naomba mlishike, ninyi ambao mtaishi nchi hii baada yetu.

Nimesikia vijana wakisema ugali ukiiva vizuri hauna neno. Si kweli. Moto wa jikoni hauiui sumu hii, na kuyapika mahindi hayo pombe hakuiondoi. Wengine wanasema wao wana macho, wanachambua. Chambueni, inasaidia sana: punje iliyooza, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa, toa. Lakini punje nzuri machoni nayo yaweza kuwa na sumu. Kipimo kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani gramu moja iliyosambaa katika magunia elfu moja ya kilo mia. Jicho gani litaiona hiyo? Nayo haiui kwa haraka tu. Ukiila kidogo kidogo miaka mingi inaharibu ini mpaka saratani, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Dawa ipo, tena imetoka kwa kuvu yenyewe. Wataalamu walikuta shambani kuvu ya jamii ileile isiyotengeneza sumu. Wanaipaka kwenye mtama uliokaangwa usiweze kuota, nawe unaumwaga shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua. Ile isiyo na sumu inawahi nafasi, yenye sumu inakosa pa kukaa. Inaitwa Aflasafe, na hapa Tanzania imesajiliwa. Mnaochangishana kwa ajili ya harusi na simu mpya, changishaneni na kwa ajili ya hii.

Na msiache yaliyo ndani ya uwezo wenu bila shilingi. Msianike mahindi chini kwenye udongo, ndiko kuvu inakokaa, tandikeni turubai. Mvua ikitishia, mbio, funikeni. Msipukuchue kwa kupiga fimbo mkazipasua punje. Msifunge mpaka mmepima. Kipimo ni chupa ya soda iliyokauka vizuri. Tia vijiko vichache vya chumvi kavu, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudisheni juani hata kama yamekaa siku ishirini. Chumvi ikishuka yote chini, shoneni gunia.

Yule kijana aliyamwaga tena mahindi yake. Tulipima pamoja na chumvi ikaganda chupa nzima. Ameyaanika siku nne zaidi, jana tumepima tena, imeshuka. Chupa iko kwangu, dirishani jikoni, na chumvi ipo. Mwenye mahindi uwanjani aje na kikombe kimoja tu, leo, kabla hajachukua sindano ya kushonea.