Rangi za Shamba la Maua na Amri ya Ushahidi

Picha ya shamba la alizeti lililochanua Rhotia, kando ya barabara ipandayo kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu na lango la Ngorongoro, huzaa swali la maadili pale mhariri wa picha anapoongeza ukolevu, yaani kiwango cha rangi kujitenga na kijivu: je, amemshuhudia jirani yake uongo, jambo ambalo Wakatoliki na Walutheri hulihesabu kuwa limekatazwa na amri ya nane?

Wanaojibu upesi kwamba kamera husema kweli na mhariri ndiye anayeipotosha hawajaichunguza kamera yenyewe. Kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga ndani yake, hakioni rangi bali hupima wingi wa mwanga tu. Kwa hiyo katika kamera nyingi vijiseli vyake hufunikwa kwa vichujio, nusu yake vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976. Kila nukta ya picha hupimwa rangi moja na kukadiriwa nyingine mbili, na maana yake ni kwamba theluthi mbili za rangi zimetokana na hesabu kabla mkono wa mtu haujaigusa picha. Jicho nalo halina ubora wa kujivunia. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefia Kairo yapata mwaka 1040, alionyesha kwamba kuona hukamilishwa na akili inayolinganisha na kukumbuka, na nyuki anayetua juu ya ua lilelile la alizeti huona alama za mwanga wa urujuanimno ambazo mkulima hatazijua kamwe.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila rangi ni halali. Ukweli wa picha hauko katika kufanana na kilichorekodiwa, bali katika kile ambacho mtazamaji ataruhusiwa kukiamini kwa sababu yake. Katika programu za kuhariri, kidhibiti cha manjano hakiyagusi maua peke yake, kwa kuwa kijani cha majani na nyasi kina manjano mengi ndani yake. Mhariri akikisogeza kuelekea kijani ili shamba lionekane limestawi, jani la chini la mhindi ulioota pembeni, lililoanza kugeuka manjano kutoka nchani na kufuata mshipa wa kati kwa sababu udongo umepungukiwa na naitrojeni, litakuwa kijani kama mengine. Kilichofutwa hapo si rangi, ni njaa ya mmea; na anayeamua kununua mazao au kukodi shamba kwa kuitazama picha hiyo amedanganywa.

Ndani ya Kreta ya Ngorongoro jambo hili ni zito zaidi. Baada ya mvua za masika sehemu za sakafu yake hufunikwa na maua ya manjano ya Bidens schimperi na ya zambarau ya Gutenbergia cordifolia, ambayo watafiti huyahesabu kuwa mimea vamizi, yaani inayoenea na kuzisonga nyasi wanazozitegemea nyumbu na pundamilia. Anayeyakoleza maua hayo na kuyatoa bila maelezo kama sura ya neema huufanya upungufu wa malisho uonekane utajiri, na hapa kosa halianzi kwenye rangi, linaanzia kwenye ukimya.

Wala asiyehariri hajatakasika kwa kutohariri. Kamera iliyokosea mizani ya weupe, yaani makadirio ya rangi ya mwanga uliopo, huweza kuupausha udongo mwekundu wa Rhotia hadi ukaribie kijivu. Mpigapicha aliyesimama juu ya udongo huo, akaujua wekundu wake, kisha akaitoa picha hiyo kwa fahari kwamba hakuigusa, ameshuhudia kinyume cha alichokiona.