Mlango Si Ukuta: Funzo la Mto Umba

Simama ufukweni Moa, pwani ya Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, maji yanapokupwa. Bahari hurudi nyuma polepole, tope jeusi likabaki wazi, na mizizi ya mkoko ikasimama juu yake kama vidole vilivyoshika udongo. Ngalawa hulala ubavu, wenyewe wakingoja maji yajae. Siku za bamvua, pale ulipopita kwa miguu asubuhi, alasiri hapapitiki ila kwa chombo. Ukimwomba mzee wa Moa akuonyeshe hasa bahari inapoishia na nchi kavu inapoanzia, atakujibu kwa swali: "Saa ngapi, mwanangu?"

Wakubwa wa Uingereza na Ujerumani hawakumwuliza mzee huyo. Mwaka 1886, walipokuwa wakigawana Afrika Mashariki, waliandika kwamba mstari baina yao uanzie kwenye mlango wa mto "Wanga au Umbe", kisha unyooke mpaka Ziwa Jipe. Litazame hilo neno "au". Nchi iligawanywa kwa mto ambao hata jina lake waliokuwa wakiugawa hawakuwa na hakika nalo.

Mto wenyewe ni Umba. Chimbuko lake ni msitu wa Shagayu, Usambara Magharibi, kwenye miinuko ya baridi. Unashuka, unakata nyika kavu, unaingia Kenya na kumwagika baharini karibu na Vanga, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 200. Kwa hiyo kichwa chake kiko Tanzania na miguu yake iko Kenya. Karibu na mlango huo ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Vumba Kuu. Wavumba, Wadigo na Wasegeju waliutumia mlango wa mto kama mlango wowote unavyotumiwa: wakapita kuoa, kuzika, kuuza samaki na kukata boriti. Hakuna aliyeuona kuwa ukuta.

Kosa la kuugeuza ukuta halikukawia kuonekana. Mapatano ya 1890 yalitaja ukingo wa kaskazini wa mlango wa Umba. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1893, wakaandika upya: mpaka uanzie Ras Jimbo, kusini zaidi, na mlango wa mto ukabaki upande wa Waingereza. Kalamu ikasogea, na watu ambao hawakusogea hata hatua moja wakajikuta ndugu zao wamekuwa watu wa dola nyingine.

Mstari uliochorwa bila kuuliza watu ulikuja kulipiwa kwa watu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika pwani hii, Waingereza waliweka kikosi Jasini, kijiji cha mashamba ya mkonge upande wa Wajerumani, jirani na Moa. Tarehe 18 Januari 1915 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia. Waliokuwa ndani ya boma wengi wao walikuwa askari wa Kihindi. Kamanda wao, Kanali Raghbir Singh, aliuawa. Asubuhi ya tarehe 19, risasi zilipowaishia, wakasalimu amri. Lettow-Vorbeck alishinda, lakini ushindi ulimtia hofu: alikuwa ametumia risasi zipatazo 200,000 na kupoteza maofisa wengi kiasi kwamba aliona hawezi kurudia vita vya namna ile.

Mtafakari askari yule wa Kihindi aliyezaliwa chini ya milima ya Kashmir, na mwenzake Mwafrika aliyevalishwa sare ya Kijerumani. Wote walianguka katika shamba la mkonge wasilolilima, kwa ajili ya mpaka wasiouchora. Na mto ulioanzisha kisa chote uliendelea kuteremka karibu yao, ukiwa na tope lile lile la Usambara.

Ndugu msomaji, ukidhani kosa hili liliondoka na wakoloni, umejidanganya. Leo sisi wenyewe tunalirudia kila tunaposema, "Yale ni ya upande wa pili." Anayefyeka mti kando ya chemchemi kule Usambara haioni Vanga. Lakini mvua kubwa ikinyesha mlimani, udongo usio na mizizi hushuka na maji, mto ukafura, na mafuriko yakaingia nyumbani kwa mtu wa Vanga ambaye hakukata hata ufito mmoja. Vivyo hivyo anayekatazwa kukata mikoko upande mmoja, akavuka usiku kwenda kukata upande mwingine, amehamisha hasara tu. Samaki na kamba wanaokulia kwenye mizizi ile hawana utaifa, na wimbi linalokula ufukwe halisomi ramani.

Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wamekwisha kutuonyesha njia. Tangu 2019 wanatunza mikoko yao, zaidi ya hekta 400, kupitia mradi wa Vanga Blue Forest, na mapato ya hewa ukaa yanarudi vijijini kwao. Mikoko hii yetu ya Jasini na Moa ni jirani ya mikoko hiyo hiyo, inajaa na kupwa kwa maji yale yale. Kamati za usimamizi wa fukwe (BMU) za pande mbili zikikaa mkeka mmoja, zikaafikiana siku za kufunga mkondo usivuliwe na mahali pa kupanda mche, zitakuwa zimefanya kazi ambayo mikataba mitatu ya wageni haikuifanya: zitakuwa zimewauliza wenyeji.

Basi funzo ni hili. Mpaka wa serikali uheshimu, uvuke kwa kibali, usiutilie ubishi. Lakini usiukabidhi mto wako kwa mpaka. Wazee waliita mahali pale mlango wa mto, na waliupa jina sahihi. Mlango ukiuziba kwa uchoyo, wa nje hukosa kuingia, nawe wa ndani ukakosa pa kutokea maji yakijaa.